Kwa Nini Eropleni ya Abiria Huanguka

Siku ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, eropleni ya abiria ya kampuni ya Precision Air iliondoka Dar es Salaam asubuhi na mapema kwenda Bukoba. Ilikuwa ndege ya aina ya ATR 42, ambayo mbawa zake zimewekwa juu ya kiwiliwili, na injini zake mbili zina mapanga ya kuzunguka. Ndani yake walikuwamo watu 43, yaani abiria 39, marubani wawili, na watumishi wawili wa kuwahudumia abiria. Huko Bukoba mvua ilikuwa ikinyesha na mawingu yametanda juu ya ziwa. Ilipokaribia saa tatu ndege ile ilishuka kuutafuta uwanja, lakini haikuufikia. Iligusa maji ya Ziwa Viktoria karibu kabisa na ufuko, pua yake ikazama, na mkia wake ukabaki juu ya maji, watu wakiutazama kutoka nchi kavu. Watu 24 waliokoka. Watu 19 walikufa, na miongoni mwao walikuwa marubani wote wawili.

Kutoka Bukoba mpaka bonde letu la Kilombero ni mwendo mrefu sana, lakini habari zile zilifika Ifakara, Mang'ula na Mkula siku ile ile, kwa maana siku hizi habari hazingoji basi. Na jambo kama hili likitokea watu huanza kulitafutia maelezo. Wako wasemao kwamba siku ya watu wale ilikuwa imefika. Wako wasemao kwa sauti ya chini kwamba pana mkono wa mtu. Wengine husema tu kwamba rubani hakuijua kazi yake, na mazungumzo huishia hapo. Sitaki kumdharau mtu aliyemo katika msiba kwa maneno ayasemayo, walakini maelezo hayo yote yana upungufu mmoja: ukisha kuyakubali, hapana la kufanya tena. Kama ni siku imefika, nani atakayeizuia? Kama ni uchawi, kesho atarogwa mwingine. Lakini kama chanzo ni bomba lililofungwa, au chuma kilichopata ufa, au wingu lililoingiwa pasipo hadhari, hapo pana kazi ya kufanya, na kazi hiyo imekwisha okoa maisha ya watu wengi ambao wala hawajui kwamba waliokolewa.

Basi na tuanze mwanzo, tuone kwanza ni kitu gani kinachoiweka eropleni juu.

Mtu aliyekwisha panda basi kutoka Ifakara kwenda Mikumi, akatoa kiganja chake dirishani gari likiwa mbioni (wala simshauri mtu yeyote kufanya hivyo), anajua kwamba akikiinua kidogo upande wa mbele, upepo hukisukuma mkono juu. Basi likipunguza mwendo, nguvu ile hupungua. Likisimama, hutoweka kabisa. Ubawa wa ndege hufanya kazi kwa namna hiyo. Injini haiinui ndege kama mtu ainuavyo gunia la mpunga. Kazi yake ni kuipeleka mbele kwa mwendo mkali, na hewa ipitayo juu na chini ya mbawa ndiyo inayoibeba. Mwendo ukipungua kupita kiasi, au rubani akiiinua pua mno hata hewa isiweze kupita vizuri juu ya ubawa, ubawa hukoma kubeba. Ndege hapo huanguka hata kama injini zake zote zinanguruma.

Wavuvi wa Kilombero wanalijua jambo linalofanana na hili. Mtumbwi usio na mwendo hausikii kafia la nahodha. Maji huuchukua yapendavyo. Ukipata mwendo ndipo unapotii. Kadhalika ndege: mwendo ndio utii wake. Na ziko saa mbili ambazo mwendo huwa mdogo nayo ardhi iko karibu, yaani wakati wa kuruka na wakati wa kutua. Juu sana angani rubani akikosea, au chombo kikiharibika, mara nyingi pana nafasi ya kusahihisha, maana chini yake pana futi elfu nyingi za hewa tupu. Karibu na ardhi hapana nafasi hiyo. Ndiyo sababu ajali zilizo nyingi hutokea karibu na viwanja, watu wakiwa wamekwisha anza kufikiri juu ya mizigo yao.

Uwanja wa Bukoba umelala ukingoni mwa ziwa. Maziwa makubwa hutengeneza hali ya hewa yake yenyewe, na Ziwa Viktoria ni maarufu kwa ngurumo na radi. Wingu kubwa la mvua lina jambo ambalo marubani hulihofu kuliko giza lake. Hewa nzito na baridi huporomoka kutoka ndani yake mpaka chini, kisha ikisha piga ardhi au maji husambaa pande zote, kama ndoo ya maji iliyomwagwa kwa nguvu juu ya sakafu. Ndege inayopita hapo hukutana kwanza na upepo unaoijia usoni, na mbawa zake hubeba zaidi. Rubani huweza kudhani kwamba yuko juu mno, akapunguza nguvu ya injini. Punde si punde upepo hugeuka ukaja kwa nyuma, na ile nguvu ya kubeba hupotea kwa ghafula, wakati ndege inakaribia chini. Kwa sababu hiyo rubani hufundishwa kwamba asipouona uwanja vizuri, au ndege ikishuka upesi kuliko kipimo, aache kutua, aongeze nguvu, apande tena. Hungoja hewani, au huenda uwanja mwingine. Mafuta ya ziada huchukuliwa kwa ajili ya jambo hili hili.

Hapa nataka kusema neno kwa abiria. Mtu aliyelipa nauli kubwa, ambaye harusi au mazishi yanamngoja, hukasirika sana akiambiwa kwamba ndege haiwezi kutua mahali alipokusudia. Hulalamika, na malalamiko ya abiria humfikia mwenye kampuni, na ya mwenye kampuni humfikia rubani. Hivyo basi hasira zetu nazo zinaingia ndani ya chumba cha rubani, ijapokuwa mlango wake umefungwa.

Sasa nieleze ajali nyingine, ambayo sababu zake zilichunguzwa kinaganaga, kwa kuwa inafundisha mengi. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, ndege kubwa ya aina ya Boeing 747, mali ya kampuni ya Lufthansa ya Ujerumani, ilikuwa Nairobi katika safari yake kutoka Frankfurt kwenda Johannesburg. Walikuwamo watu 157. Hali ya hewa haikuwa na ubaya wowote. Injini zote nne zilikuwa nzima. Marubani walikuwa wazoefu. Ndege ilikimbia katika njia yake, ikanyanyuka, kisha ikaanza kutetemeka. Haikupanda. Ilikwenda juu ya ardhi kwa kimo kidogo tu, ikashuka, mkia ukagonga chini, ikavunjika na kuwaka moto kiasi cha kilomita moja kupita mwisho wa uwanja. Watu 59 walikufa. Hiyo ilikuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kuua watu tangu ndege za namna ile zianze kuchukua abiria.

Sababu yake ilikuwa nini? Ubawa wa ndege kubwa umetengenezwa kwa ajili ya mwendo mkali wa huko juu. Ili uweze kubeba katika mwendo mdogo wa kuruka na kutua, una vipande vinavyofunguliwa: vingine ukingo wa nyuma, vingine ukingo wa mbele, na vikifunguka ubawa huwa mpana zaidi na wenye kujipinda, kama mtu akunjavyo kiganja ili ateke maji. Katika ndege ile vipande vya mbele vilifunguliwa kwa nguvu ya hewa itokayo katika injini, ikipita katika mabomba yenye vali. Siku ile vali hizo ziliachwa zimefungwa. Vipande vya nyuma vilifunguka, vya mbele havikufunguka. Na Nairobi iko juu, zaidi ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na ubawa huhitaji mwendo zaidi ili uweze kubeba. Ndege ikaruka na nusu ya msaada wake.

Mtu atauliza, je, hawakuwa na orodha ya mambo ya kukagua? Walikuwa nayo, na ilisomwa. Lakini kusoma orodha na kutazama ni vitu viwili, kama ajuavyo mwalimu ye yote aliyeita majina darasani na mtoto mmoja akaitikia kwa ajili ya rafiki yake. Yote hayo ni makosa ya wanadamu, na wanadamu watakosa mpaka mwisho wa dunia. Linaloumiza zaidi ni hili: wachunguzi walikuta kwamba jambo la namna ile lilikwisha kutokea zamani katika ndege nyingine za aina ile, zikaponea chupuchupu, na habari zikatolewa, ila waliopasika kuchukua hatua hawakuchukua hatua za kutosha. Onyo lilikuwapo karatasini. Baada ya watu 59 kufa ndipo ndege zile zikawekewa kengele ya kumwonya rubani, kabla hajaruka, kwamba vipande vya mbele havijafunguka.

Ajali nyingine hazina mtu aliyesahau kitu, bali chuma chenyewe hushindwa. Chukua waya wa kufungia boriti, ukunje huku na huku mahali pale pale. Mara ya kwanza hauvunjiki, wala ya tano. Lakini ukiendelea, hukatika kwa nguvu ndogo sana, ambayo waya mpya ungeichekelea. Mafundi huita jambo hili uchovu wa chuma. Tarehe 29 Machi 1953, ndege ya abiria ya aina ya Viking, mali ya Central African Airways, ilianguka katika nchi ya Tanganyika na kuua watu wote 13 waliokuwamo. Mhimili wa ubawa wake ulikuwa umechoka namna hiyo, ukakatika angani.

Mwaka uliofuata uchovu wa chuma ulitikisa dunia nzima. Waingereza walikuwa wametengeneza eropleni iitwayo Comet, ya kwanza ulimwenguni kuchukua abiria kwa injini za jeti, na njia yake ya kwanza, iliyofunguliwa tarehe 2 Mei 1952, ilikuwa kutoka London mpaka Johannesburg ikipitia Entebbe. Watu wa Afrika Mashariki waliiona ndege ile kabla ya miji mingi ya Ulaya na Marekani. Tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Tarehe 8 Aprili ya mwaka ule ule nyingine ikaanguka baharini karibu na Napoli, watu 21 wakafa. Hapakuwa na dhoruba, wala marubani hawakusema neno la hatari. Wachunguzi wa Farnborough, huko Uingereza, wakachukua kiwiliwili cha Comet nzima wakakizamisha katika tangi kubwa la maji, wakawa wakijaza maji ndani na kuyapunguza, kujaza na kupunguza, usiku na mchana, ili kuiga kujaa na kupungua kwa hewa ndani ya ndege kila ipandapo na kushuka. Mwisho kikapasuka, na ufa ulianza penye pembe ya tundu lililokatwa katika bati lake. Mzigo wote wa hewa ulikuwa ukikusanyika penye pembe zile. Msomaji akipata kupanda ndege, au akiona picha yake, atazame madirisha: pembe zake zimeviringishwa. Mviringo ule ulinunuliwa kwa maisha ya watu.

Nasi wa chini ya milima ya Udzungwa tunaijua hatari ya tatu kwa macho yetu, ingawa pengine hatukuifikiri kwa namna hii. Asubuhi za masika, mtu asimamaye katika majaruba ya mpunga ya Mkula hutazama juu asiione milima. Ipo pale pale, imesimama kama ukuta, lakini wingu limeifunika hata mgeni aliyefika usiku angeapa kwamba nchi yote ni tambarare. Wingu laini kama pamba linaweza kuwa na jiwe ndani yake. Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya aina ya Dakota ya East African Airways, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga mbavu za mlima Kilimanjaro mahali penye kimo cha zaidi ya futi 15,000. Watu wote 20 walikufa. Tangu wakati ule vimevumbuliwa vyombo vinavyopima umbali wa ardhi na kupiga kelele ndani ya chumba cha rubani ikiwa mlima unakaribia, na vyombo hivyo vimepunguza sana ajali za namna ile. Kelele zina faida lakini kwa mwenye kuzitii.

Katika wingu au katika giza pana udanganyifu mwingine wa ajabu, nao umo ndani ya kichwa cha mtu mwenyewe. Ndani ya sikio pana vijibomba vyenye maji, ambavyo hutuambia kama tumesimama wima au tumelala upande. Vinafanya kazi njema kwa mtu atembeaye. Lakini ndege ikilala upande polepole sana, maji yale hayasumbuki, na mtu huhisi kwamba yuko sawa kabisa, hali anazama. Kwa sababu hiyo rubani asiyeona nje hufundishwa kuviamini vipimo vilivyo mbele yake na kuukana mwili wake mwenyewe, jambo ambalo ni gumu kuliko tunavyodhani.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ya aina ya Boeing 737 iliondoka Douala, nchini Kameruni, kurudi Nairobi, ikiwa na watu 114. Mvua ya radi ilikuwa karibu. Mara baada ya kuruka ndege ilianza kulala upande wa kulia, kidogo kidogo. Nahodha aliamini kwamba chombo cha kuiongoza ndege chenyewe kilikuwa kikifanya kazi, kumbe hakikuwa kikifanya kazi. Kwa muda kidogo hapakuwa na mtu wala mtambo uliokuwa ukiishika ndege. Msaidizi wake hakumrudi kwa wakati. Kengele ilipolia, nahodha alishtuka, akageuza usukani kwa namna iliyozidisha ubaya. Walianguka katika matope ya mikoko, kilomita chache tu kutoka uwanjani, na hakuna aliyesalimika. Walitafutwa kwa karibu siku mbili wakidhaniwa kuwa mbali.

Hilo la msaidizi lastahili kufikiriwa. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na mdogo hamsahihishi mzee mbele za watu. Ni adabu njema nyumbani na barazani. Lakini ndani ya chumba cha rubani kijana anayenyamaza kwa adabu huweza kuua watu mia, na yeye pamoja nao. Siku hizi kampuni za ndege huwafundisha marubani wadogo kusema, na marubani wakubwa kusikiliza, nayo hufundishwa kama somo, kwa kuwa haiji yenyewe.

Na pengine msiba huanza kwa takataka. Tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya VC10 ya East African Airways, ikitoka Nairobi kwenda London kwa kupitia Addis Ababa na Roma, ilikuwa ikikimbia ili iruke kutoka Addis Ababa. Gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma cha jeki, kilichoangushwa hapo na ndege ndogo, likapasuka. Nahodha akaamua kusimama. Breki zilishika kwa sehemu tu, kwa kuwa kifaa kimoja cha breki kilikuwa kimeunganishwa vibaya baada ya matengenezo. Ndege ikapita mwisho wa uwanja, ikaporomoka na kuwaka moto. Kati ya watu 107 walikufa 43. Chuma kile peke yake kisingeua mtu, wala kosa lile la fundi lisingeonekana siku ile. Yalipokutana ndipo ikawa msiba. Kwa hiyo wale wanaopitisha baiskeli na ng'ombe katika viwanja vidogo vya ndege vya huku mashamba, au wanaoacha mawe na vyuma humo, wafahamu kwamba uwanja ule hata ukiwa mtupu juma zima si malisho.

Jinsi gani mambo haya yote hujulikana, iwapo walioyaona wamekufa? Kila ndege kubwa ya abiria hubeba vyombo viwili vya kumbukumbu, kimoja cha kuandika mwendo, kimo na mielekeo ya ndege, na kingine cha kunasa sauti za marubani. Watu hukiita kisanduku cheusi, lakini rangi yake ni ya machungwa ili kionekane upesi, na kimetengenezwa kustahimili moto, kishindo na maji. Wazo la kunasa sauti lilimjia mtaalamu mmoja wa Australia, David Warren, alipokuwa miongoni mwa watu waliofikiri juu ya ajali za Comet. Aliona kwamba kama sauti za marubani wale zingehifadhiwa, isingekuwa lazima kubahatisha. Mataifa pia yana mapatano, yaliyotokana na mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kwamba ajali ya ndege ichunguzwe ili isitokee nyingine, na si kwa kusudi la kutafuta wa kumtia hatiani. Watu wengi hawalipendi jambo hili wanapolisikia mara ya kwanza. Lakini fundi anayejua kwamba akisema kweli atafungwa, hatasema kweli, na ile vali itabaki imefungwa katika ndege nyingine.

Tumalizie penye maji, maana Bukoba ilikuwa hapo. Ndege inapoangukia majini, wengi huokoka ule mgongano wa kwanza na kufa baadaye kwa kuzama. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa nyara na watu watatu, ikaishiwa mafuta, na rubani akaishusha baharini karibu na pwani ya Ngazija. Kati ya watu 175 walikufa 125. Wengi wao walikuwa wamejaza upepo makoti yao ya kuokolea wangali ndani ya ndege. Maji yalipoingia, makoti yaliwainua mpaka darini, wakashindwa kupiga mbizi kuutafuta mlango. Mtumishi wa ndege anaposimama mbele na kusema, "Vaa koti, lakini usijaze mpaka utoke nje," abiria wengi huwa wanachezea simu zao. Maneno yale yana watu nyuma yake. Kadhalika hesabu viti vilivyoko kati yako na mlango ulio karibu, kwa sababu gizani na majini mkono ndio utakaoona.

Katika ATR 42 mlango mkuu wa abiria uko nyuma. Huko Bukoba pua ilizama na mkia ukabaki juu, kwa hiyo mlango ule wa nyuma ukawa njia ya wengi. Waliofika kwanza hawakuwa na sare wala vyombo vya uokoaji. Walikuwa wavuvi, waliokuja kwa mitumbwi yao na kuwatoa watu majini. Kamba zikafungwa, na umati wa watu ufukoni ukavuta. Siku ya pili yake miili ya marehemu iliagwa katika uwanja wa Kaitaba.

Nayo ni habari inayotuhusu. Hata baada ya daraja la Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, na watu kuacha kungoja kivuko, bonde hili limebaki na maji mengi, mitumbwi mingi, na watu wengi wanaojua kuogelea. Iwapo ndege itaanguka katika nchi yetu, mkulima, mvuvi au mtoto wa shule ndiye atakayefika kabla ya Serikali. Afanye nini? Apeleke habari mara moja kwa polisi, namba 112, au kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, na kwa ofisi ya kijiji. Asikaribie na sigara wala taa ya moto, kwa kuwa mafuta humwagika mahali pasipoonekana. Atoe kwanza walio hai walio katika hatari ya moto au maji. Wengine asiwavute ovyo, maana shingo na mgongo huweza kuwa vimevunjika. Maiti zifunikwe kwa heshima, zisihamishwe bila ya sababu. Wala picha zao zisipelekwe kwenye simu za watu, kwani yuko mama mahali fulani ambaye hajaambiwa bado.

Kisha vipande. Bati la ndege ni jepesi, zuri, halishiki kutu, na fundi wa sufuria hulitamani mara alionapo. Lakini kipande kile chenye ufa mwembamba kama unywele, au vali ile iliyofungwa, au tairi lile lililopasuka, huweza kuwa ndicho wachunguzi watakachokitafuta kwa mwezi mzima. Hata mahali kilipolala pana maana, kwa kuwa kipande kilichoanguka mbali na vingine hueleza kwamba ndicho kilichotoka kwanza. Basi anayekiona asikiokote. Aweke alama ya kijiti kando yake, amwite mwenyekiti wa kitongoji, akamwonyeshe.